Punda wa Idi: Miezi Sita ya Kumfundisha Kabla ya Kumkabidhi Mkeo

Mara ya kwanza kumpa mke wangu punda, nilimnunua siku tatu kabla ya Idi. Muuzaji aliniapia kwamba mnyama ni mpole, watoto wanampanda. Asubuhi ya Idi nikamkabidhi mama watoto kamba mbele ya jirani zetu, akafurahi, nami nikafurahi. Kesho yake jioni alirudi kutoka kisimani buibui limelowa hadi magotini, mkononi ana dumu moja lililopasuka, kisigino kimechubuka. Punda alikuwa ameshtushwa na mlio wa madumu yakigongana mbavuni mwake, akajitupa ukutani na kumburura. Hakunilaumu. Alisema tu, "Huyu si wangu bado. Hanijui."

Neno hilo ndilo lililonifundisha kazi hii upya. Nimelelewa na punda hapa kisiwani Lamu, baba alikuwa akibeba mchanga na mawe ya kujengea, na nilidhani najua kila kitu. Kumbe nilijua kumfundisha punda anijue mimi. Kumfundisha amjue mtu mwingine, awe wa mtu mwingine kweli, ni kazi nyingine, na haimaliziki kwa siku tatu. Nimeifanya mara nne tangu siku ile: kwa mke wangu, kwa dada yangu, na kwa majirani wawili waliotaka kuwapa wake zao zawadi hiyohiyo. Hivi ndivyo ninavyoifanya. Kama ni wewe mke unayetaka kumpa mumeo, hatua ni zilezile.

Hesabu ya miezi

Nunua punda Mfunguo Sita, yaani mwezi wa sita baada ya Ramadhani, umkabidhi Idi mosi, Ramadhani inayofuata ikiisha. Hapo una miezi sita na siku kidogo. Huku kwetu Mfunguo Sita ni mwezi wa Maulidi, mji unajaa wageni wa Msikiti wa Riyadha, na vijana hushindana mbio za punda ufukweni. Ni wakati mzuri wa kutazama punda wengi kwa pamoja na kulinganisha. Lakini usimtamani aliyeshinda. Huyo amezoeshwa kukimbia katikati ya makelele na kupigwapigwa. Wewe unatafuta punda wa dalji, anayekwenda hatua za kupimwa, asiyejali nani anampita.

Kuna wanaoniuliza kwa nini isiwe farasi, maana farasi ni fahari zaidi. Pwani hii farasi hapati raha. Ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoenezwa na visubi, humuua upesi, wakati punda huustahimili vizuri zaidi. Tena farasi hula sana, na akipata woga mtoni au mtaani hukimbia kabla hujajua kilichotokea.

Muulize kwanza

Hii si zawadi ya kufungua macho ghafla. Keti na mkeo umuulize ni kazi gani inamchosha, anaifanya siku ngapi kwa wiki, na njia gani anapita. Mke wangu husuka mikeka. Anahitaji ukindu ufike nyumbani na mikeka ifike mjini, na sisi tuko kijijini Matondoni, kwa hiyo katikati pana njia ndefu ya mchanga. Juu ya hapo kuna maji. Alikuwa akikodi punda wa watu, na punda wa kukodi huja akipenda mwenyewe. Baada ya kumsikiliza nilijua namhitaji punda wa mzigo mwepesi wa mwendo mrefu, wala si wa kubeba mawe.

Muulize pia swali ambalo wanaume hatulipendi: nani atamlisha, na pesa atakazoingiza ni za nani. Kama jibu lako moyoni ni "pesa zitakuwa za nyumba," basi sema unanunua punda wa nyumba, na zawadi ya Idi utafute nyingine. Na kama hataki kabisa mnyama, mshukuru kwa kukwambia ukweli, umnunulie cherehani.

Kumchagua

Anza na meno. Fungua mdomo utazame meno ya mbele. Meno ya utoto ni madogo na meupe. Ya ukubwa ni mapana, na rangi yake inaelekea manjano. Jozi ya katikati hubadilika akiwa na miaka 2 na nusu hivi, inayofuata miaka 3 na nusu, na ya pembeni miaka 4 na nusu. Ukikuta yote sita ya juu na sita ya chini ni ya ukubwa na yamekutana sawasawa, yuko kwenye 5. Kabla ya miaka 4 mfundishe kuongozwa na kusimama, lakini usimtwishe chochote. Punda anayetunzwa huishi miaka 25 na kupita. Ukimharakisha mwaka mmoja utamfupishia kumi.

Kisha pitisha kiganja mgongoni, polepole, kuanzia shingo inapoishia hadi kiunoni. Tafuta vipande vya nywele nyeupe. Nywele nyeupe mgongoni ni kovu la kidonda cha tandiko. Kimoja cha zamani kilichopona si kitu, lakini vikiwa vingi, au akibonyea na kukunja ngozi unapogusa, huyo ameumizwa na kazi na atamkumbuka aliyemuumiza kila mkanda utakapokazwa. Mtembeze juu ya ardhi ngumu usikilize kwato: pigo nne zilizo sawa. Moja ikiwa nyepesi, anachechemea hata kama jicho halioni.

Dume zima achana nalo kwa zawadi ya namna hii, akinusa jike hasikii la mtu. Mimi huchukua dume aliyehasiwa na daktari wa mifugo, au jike mtulivu. Jike ana neema ya kuzaa, ila mimba yake ni ya mwaka mzima na miezi ya mwisho hafai kwa kazi. Na kumbuka punda hapendi upweke. Kama nyumbani hamna punda mwingine, mfunge mahali anapoweza kuwaona wa jirani. Punda wa peke yake hulia usiku kucha, na mchana hugoma kuondoka.

Wiki mbili za mwanzo: keti

Wengi huruka hatua hii, na ndiyo ninayoithamini kuliko zote. Wiki ya kwanza usimfundishe chochote. Mpeleke zizini, mpe majani na maji, kisha chukua kigoda ukae ndani pamoja naye nusu saa asubuhi na nusu saa jioni. Usimfuate. Suka kamba, vuta uradi, fanya lako. Siku ya tatu au ya nne atakuja kukunusa bega. Mwache anuse. Siku inayofuata mkune chini ya shingo na pale mabegani panapopita ule mstari mweusi, kwa sababu hapo hawezi kujifikia mwenyewe. Utajua umepapata akinyoosha mdomo wa juu na kuutikisa.

Soma masikio. Yakielekea mbele, ametazama kitu na anakifikiria. Moja mbele moja nyuma, anakusikiliza wewe na anasikiliza kingine. Yakilala kabisa shingoni, ondoka taratibu. Jambo la kushika sana ni hili: farasi akiogopa hukimbia, punda akiogopa husimama. Husimama kama nguzo. Watu huita ubishi na kushika fimbo. Si ubishi. Anapima kama mbele kuna hatari, na ukimpiga wakati huo umemthibitishia kwamba ipo. Msubiri. Hesabu hadi mia kama ni lazima. Punda aliyeachwa aamue mwenyewe kupita daraja mara tatu, mara ya nne hulipita bila kutazama.

Kamba

Mfumie hatamu ya kamba laini ya kichwani, isiyokaza puani, vidole viwili vipite. Lijamu la chuma mdomoni halihitajiki kwa punda wa mzigo.

Simama begani mwake, si mbele. Ukisimama mbele na kumvuta mtavutana, na yeye ana miguu minne. Kaza kamba kidogo tu, kama unavyojaribu uzi kama umefungwa. Usiongeze nguvu wala usilegeze. Mara anapohamisha uzito, hata kwato moja ikisogea kidole, legeza papo hapo na useme neno lako. Sisi husema "ndoo," maana ndivyo Kiamu kinavyosema njoo. Kinachomfundisha ni kule kulegeza. Ukichelewa kulegeza, anajifunza kwamba kusogea na kutosogea ni sawa. Robo saa inatosha, mara mbili kwa siku. Neno la kusimama liwe jingine, fupi, na mkeo alichague, kwa sababu ndiye atakayelitumia maisha. Mke wangu alichagua "tuwa." Kila mtu nyumbani, hadi watoto, alitakiwa kutumia hilohilo.

Kwato

Mwezi wa pili anza kuinua miguu. Mguu wa mbele: simama ukiangalia mkia, telezesha mkono kuanzia begani kushuka nyuma ya goti hadi kifundoni, ubane kidogo. Akiinua, shika kwa muda wa pumzi mbili umrudishie chini wewe mwenyewe. Asiunyang'anye. Wa nyuma vivyo hivyo, ukiwa umemkaribia kabisa kiunoni, kwa sababu teke huumiza mtu aliye umbali wa hatua, si aliyegusana naye. Akizoea, chokoa uchafu kila siku kwa kijiti butu kuanzia kisigino kwenda mbele, na kwato zikatwe na anayejua kila baada ya wiki sita hadi kumi. Mchanga wetu hauzisagi kwato vya kutosha, zinarefuka na kupinda kama viatu vya zamani.

Leso, tandiko, madumu

Kitu cha kwanza nilichomweka mgongoni yule punda wa pili kilikuwa leso ya mke wangu aliyoivaa siku nzima jikoni. Nilitaka harufu yake imfikie kabla yake. Kwanza anuse, kisha mpanguse nayo shingoni, mgongoni, kiunoni, halafu mwachie mgongoni atembee nayo ipepee. Akishtuka, simama naye. Usiiondoe akiwa bado na hofu, iondoe akishatulia.

Baada ya wiki moja weka tandiko. La kwetu ni magunia mawili yaliyojazwa nyuzi za nazi au majani makavu, yakishonwa pamoja lakini katikati paachwe mfereji, ili uti wa mgongo usiguswe na kitu. Ukiweza kupenyeza vidole vyako chini ya tandiko juu ya uti akiwa amebeba, limekaa. Mkanda wa tumboni ukaze kwa awamu mbili tatu, ukimtembeza katikati, maana wengi hujaza tumbo pumzi. Weka na kamba pana ya nyuma ya mapaja ili mzigo usimkimbilie shingoni akishuka. Zote ziwe za kitambaa au za mpira uliofunikwa. Kamba ya nailoni tupu hukata nyama kama uzi ukatavyo sabuni.

Sasa madumu, yaliyoniaibisha ile Idi ya kwanza. Dumu tupu lina kelele. Dumu la nusu ni baya zaidi, kwa sababu maji huchezacheza ndani na uzito huhamahama, na punda anahisi kitu kilicho hai kinampanda ubavuni. Dumu lililojaa limetulia. Kwa hiyo usianze na matupu ukidhani unamhurumia. Siku ya kwanza yagonge kwa mkono mbali naye akiwa anakula, kila siku ukisogea. Kisha mfungie madumu madogo ya lita 5 yaliyojaa hadi mdomoni, moja kila upande, na kitambaa kati ya dumu na ubavu. Baadaye lita 10. Mwisho lita 20. Yakizoeleka hayo ndipo umrudishie matupu, kwa safari ya kwenda kisimani.

Na hapo simama. Punda wetu wengi wana kilo 120 hadi 150, na mzigo wa haki ni thuluthi ya uzito wake, yaani kilo 40 hadi 50. Madumu mawili ya lita 20 ni kilo 40, na tandiko lina uzito wake. Mtu anayempakia manne anamwua taratibu, hata kama punda anatembea. Vivyo hivyo mikeka: pima kwa mizani mara moja uijue, maana mkeka mkavu hudanganya macho, ukilowa mvua ni habari nyingine.

Kuanzia Rajabu, kamba ni yake

Hapa ndipo nilipokosea mara ya kwanza. Miezi mitatu ya mwisho si yako. Punda akishaongozwa, akiinua miguu na kubeba madumu, toka katikati. Mkeo amlishe yeye, asubuhi na jioni. Akae kwenye kigoda kama ulivyokaa, hata kama punda tayari amezoea watu, kwa sababu amezoea watu wengine. Wiki ya kwanza tembea ubavu wa pili bila kushika kitu. Wiki ya pili nyuma, hatua kumi. Ya tatu baki nyumbani, na iwe ngumu kiasi gani, usiende kuchungulia.

Nilipofanya hivyo mara ya pili, punda alisimama njiani siku ya kwanza akageuza shingo kunitafuta. Mke wangu hakuvuta. Alimkuna pale mabegani, akasema "ndoo" kwa sauti ndogo sana, sauti anayotumia kuamsha watoto, akalegeza kamba kabla hata hajasogea. Punda akaenda. Mimi sijawahi kulegeza mapema hivyo, na tangu hapo nafundisha kwa namna yake.

Njia wazijue wakiwa pamoja: mchanga mzito kwanza, kisha pikipiki, kisha vichochoro vya mji ambamo punda mwenye shogi, vile vikapu vya mzigo vya ubavuni, akikutana na mwenzake, mmoja lazima arudi nyuma. Mfundishe kurudi nyuma uani, ukimsukuma kifuani kwa kidole na neno lake. Mwishowe gati, penye injini za maboti. Ramadhani ikiingia punguzeni kazi, muwe mnatembea jioni tu baada ya Alasiri. Mtu aliyefunga ana subira nyingine, na mnyama huijua.

Kilicho cha kufungua macho

Kwa kuwa punda si siri tena, ya siri iwe ndogo. Mimi hutoa vitu viwili. Cha kwanza ni tandiko jipya lililoshonwa na fundi kwa kipimo cha punda yule, na juu yake kitambaa cha rangi anayoipenda mke wangu. Shogi sikununua, maana yeye huzisuka vizuri kuliko za sokoni, nami nilimletea ukindu wa kutosha.

Cha pili ni doti ya leso. Chukua muda dukani, na soma jina, yaani ule msemo ulioandikwa, kabla ya kulipa. Pindo na mji, yaani sehemu ya katikati, vinaweza kupendeza, lakini mke atasoma jina kwanza, na jirani watalisoma baada yake. Leso ya vijembe si ya kupewa na mume. Na zaidi ya yote, usinunue chochote chenye ule msemo kwamba asante ya punda ni mateke. Waliotunga msemo huo walimjua punda kwa fimbo.

Asubuhi ya Idi

Mkoshe punda jana yake jua likiwa kali, akauke vizuri. Baada ya sala, mkabidhi mkeo kamba mbele ya watu wawili wazima mnaowaamini, useme wazi: huyu ni wako, na anachoingiza ni chako. Masheikh wetu wa madhehebu ya Shafi wanafundisha kwamba hiba haitimii mpaka anayepewa akabidhiwe. Andikeni kwenye karatasi rangi, jinsia, umri, alama na tarehe, mtie sahihi. Kuandika hivyo si kutoaminiana. Ukifa kesho, au ndugu zako wakija na madai, punda ana mwenyewe.

Karatasi hiyo ina faida nyingine. Tangu machinjio ya punda yafunguliwe Kenya 2016 kwa ajili ya biashara ya ngozi, punda wengi waliibwa bara, na waliolia zaidi ni wanawake waliokuwa wakichota maji. Februari 2024 Umoja wa Afrika ulikubaliana kuizuia biashara hiyo barani kote. Hata hivyo, usiku mnyama alale ndani ya zizi lenye komeo.

Baada ya sikukuu

Mpeleke akachanjwe pepopunda, maana jina la ugonjwa huo lenyewe linasema nani anaumwa nao. Mjini Lamu kuna zahanati ya punda ya shirika la Donkey Sanctuary, iliyopo tangu 1987, na matibabu ni bure. Mtu wa kijijini kama sisi apange siku ya kwenda hata kama punda hana kitu, ili azoee mahali na mikono ya daktari. Zuia asile mifuko ya plastiki jaani, ni chanzo cha msokoto wa tumbo unaoua. Ukimwona anajitazama ubavu, anajigaragaza hovyo au hataki chakula, usingoje asubuhi. Punda huficha maumivu mpaka yamzidi.

Maji safi yawepo wakati wote. Tandiko lianikwe juani kila jioni upande wa ndani ukitazama juu. Siku moja kwa wiki asifanye kazi yoyote. Kwetu ni Ijumaa.

Jioni ya ile Idi ya pili wageni walipoondoka, nilichukua kijiti kwenda kuchokoa kwato kama nilivyozoea. Nilimkuta mke wangu ameshainama, leso mpya ameifunga kiunoni, ameshika mguu wa nyuma wa kushoto, ule ambao mimi ulinichukua wiki tatu kuupata. Aliniomba nimshikie taa.